JOHANNES REBMANN: MTU AMBAYE MIPANGO YAKE HAIKUTIMIA



Gazeti la wanafunzi wa zamani kwa kawaida hujaa habari za waliofaulu. Fulani amepata shahada, fulani amepandishwa cheo, fulani amejenga. Habari hizo ni njema na zinastahili kuandikwa. Lakini sote tunajua kwamba katika kila darasa lililopita hapa wamo ambao maisha yao hayakwenda walivyoyapanga. Yupo aliyetaka udaktari akaishia kidato cha nne. Yupo aliyelima ngano miaka mitatu mfululizo na mvua ikamkimbia. Na wapo wenzetu wa Katesh na vijiji vya jirani ambao Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 waliona tope, mawe na magogo vikiporomoka kutoka Mlima Hanang na kuchukua nyumba, mifugo na watu zaidi ya 80.

Watu waliofikwa na mambo ya namna hiyo huambiwa wamtumaini Mungu. Neno hilo ni jepesi kwa anayelisema na ni zito kwa anayeambiwa. Kumtumaini Mungu maana yake ni kufanya nini hasa? Je, ni kukaa na kungoja mambo yarudi kama yalivyokuwa? Nimeona heri nisijibu kwa mahubiri, kwa kuwa mimi si mhubiri, bali nieleze maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani. Vitabu vya historia tulivyosoma vilimtaja kwa mstari mmoja tu: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro. Mstari huo ni wa kweli, ingawa Wachagga walikuwa wameuona mlima wao kila asubuhi tangu enzi na enzi. Lakini mstari huo hauelezi lililo kubwa katika maisha ya Johannes Rebmann.

Kijana wa Gerlingen

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea kazi ya umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza kumalizia masomo katika chuo cha chama cha wamisionari cha C.M.S. Mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 26, alishuka Mombasa.

Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amefika miaka miwili kabla yake. Krapf alikuwa mtu aliyekwisha kuonja uchungu. Mwezi Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike, na kwa muda wa siku chache mama na mtoto wote wawili wakafariki kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kwa hiyo kijana Rebmann hakuja akidhani kwamba kazi ya Mungu humkinga mtu na msiba. Kaburi lilikuwapo hapo karibu, akaliona.

Mwezi Agosti 1846 wote wawili walipanda vilima vya Rabai, kama kilometa 20 hivi kutoka Mombasa, kuanza kituo chao kati ya Wamijikenda. Walikuwa na homa wote, na walipokezana kupanda punda mmoja. Huo ndio uliokuwa mwanzo.

Mpango wao ulikuwa mkubwa. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann, kwa kuwa ndiye kijana na ndiye mwenye miguu, alikuwa wa kufungua njia ya kwenda bara: Taita, kisha Uchagga, kisha Unyamwezi. Rabai ilikuwa kizingiti tu cha mlango. Hakuna aliyewaza kwamba Rebmann angeishi kwenye kizingiti hicho miaka 29.

Theluji iliyokataliwa

Mwishoni mwa Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchagga na wapagazi wachache, wakiongozwa na mzee wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri. Yeye mwenyewe hakubeba silaha, alichukua mwavuli. Tarehe 11 Mei, mnamo saa nne asubuhi, aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu mbele yake. Alimwuliza kiongozi wake kitu hicho ni nini. Kiongozi hakuwa na jina lake, akakiita baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, alitambua mara moja.

Wala hakutegemea macho yake tu. Safari zilizofuata, mwaka huo huo na mwaka 1849, alifika Machame na kuulizauliza. Alisimuliwa kwamba Mangi Rungua, aliyetawala kabla, aliwahi kutuma watu wapande kuangalia ule weupe ni kitu gani, na kwamba aliyerudi alirudi mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Huo ni ushahidi wa kutosha kwa mtu mwenye akili timamu.

Habari zake zilichapwa Uingereza mwaka 1849. Badala ya kushukuriwa, alidhihakiwa. Huko London alikuwako mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu katika sehemu hizi lakini aliandika sana juu yake. Cooley alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu hivyo na ikweta, nyuzi tatu tu kusini yake, na kwamba mmisionari huyo alikuwa ameona mawe meupe au ndoto zake mwenyewe. Wasomi wengi walimsadiki bwana wa vitabu wakamkataa mtu aliyeona.

Fikirini, vijana. Umesema kweli, umeeleza kwa uangalifu, na wakubwa wa elimu wanakuita mwongo mbele ya ulimwengu, nawe uko mbali, barua yako huchukua miezi kufika. Rebmann hakuacha kazi yake ili aende London kugombana. Alisema alichoona, akarudi kwenye shughuli zake Rabai.

Njia yafungwa

Pigo lililomuumiza zaidi halikutoka London. Lilitoka Machame.

Katika safari yake ya pili kwenda Uchagga, Mangi Mamkinga wa Machame alimpokea vizuri na kumpa matumaini kwamba angeweza kupita hadi Unyamwezi. Basi mwezi Aprili 1849 Rebmann alifunga safari ya tatu, safari hii na wapagazi wapatao 30 na shehena ya vitambaa na shanga za kulipia njia yote. Alipofika Machame, Mangi alidai zawadi leo, akadai kesho, akadai kesho kutwa, mpaka mali ya safari nzima ikaisha. Unyamwezi haukufikiwa tena. Rebmann aligeuka nyuma katika mvua, mgonjwa, mikono mitupu. Alikuwa na umri wa miaka 29, na safari zake za kufungua njia zikawa zimekwisha.

Tusimhukumu Mamkinga harakaharaka. Mangi alikuwa na nchi ya kulinda na majirani wa kushindana nao, na mgeni aliyepita na mizigo ya nguo hakuwa na haki yoyote ya kupita bure. Lakini kwa Rebmann maana yake ilikuwa moja: mlango umefungwa.

Baada ya miaka kumi na zaidi wasafiri wengine walikuja na kupasua njia kwa bunduki na askari wa kukodi. Rebmann hakutaka njia hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walimtembelea Rabai walipokuwa wanajitayarisha kwenda bara. Hakwenda nao. Walichokuwa wakikifuata, hata hivyo, kilitoka mikononi mwake. Kwa kuwa hakuweza tena kwenda bara, Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikuwa wamefanya jambo lililowezekana: waliwauliza wafanyabiashara wa misafara, Waarabu, Waswahili na watu wa bara, mmoja baada ya mwingine, juu ya maji makubwa yaliyoko ndani. Kutokana na majibu hayo ilichorwa ramani iliyotolewa mwaka 1855 na 1856, ikionyesha ziwa moja kubwa sana katikati ya nchi. Ramani ilikosea, kwani walichosikia kuwa ziwa moja yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Lakini ndiyo iliyowafanya wakubwa wa London watume watu kwenda kutazama. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika, na mwaka huo huo Speke akafika Ziwa Viktoria.

Miaka 29 Rabai

Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Krapf, afya yake ikiwa imevunjika, alirudi Ulaya mwaka 1853. Erhardt aliondoka mwaka 1855. Rebmann alibaki. Mwaka 1851 alikuwa amekwenda Misri na kuoa huko mwanamke Mwingereza aliyeitwa Emma, mjane, na wakarudi pamoja Rabai. Mtoto wao alifariki angali mchanga. Mashambulizi ya Wamaasai karibu na pwani yalipozidi walilazimika kuhamia Unguja kwa muda, kisha wakarudi kuanza upya. Mwaka 1866 Emma naye akafariki. Miaka yote hiyo waliobatizwa walihesabika kwa vidole.

Alikuwa akifanya nini? Alifundisha wachache waliokuja. Na aliandika maneno. Alikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kirabai, na ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa. Hili la mwisho linastahili kuelezwa. Mombasa alikuwako mtumwa jina lake Salimini, aliyetekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na kuuzwa pwani. Rebmann alikaa naye siku nyingi akimwuliza neno baada ya neno, na Salimini akimjibu kwa lugha ya nyumbani alikonyang'anywa. Kama yupo mtu ambaye maisha yake hayakwenda alivyopanga, ni Salimini kuliko Rebmann, kwa maana Rebmann alikuja Mombasa kwa hiari yake. Lakini kutokana na mazungumzo ya hao wawili, mmoja aliyeshindwa kwenda bara na mwingine aliyetolewa bara kwa nguvu, ilipatikana kamusi ya lugha ambayo leo huzungumzwa na mamilioni ya watu Malawi.

Lazima niwe mkweli. Wapo waliomlaumu Rebmann, wakati ule na baadaye. Walisema ni mkaidi, amejifungia na makaratasi yake, angepaswa kurudi nyumbani apumzike na kuwaachia wengine. Lawama hiyo si ya bure. Miaka 29 hakurudi kwao hata mara moja, na upweke humfanya mtu awe mgumu. Kumtumaini Mungu na ukaidi hufanana kwa mbali, kama ngano na magugu yake yakiwa bado machanga. Tofauti yake, nionavyo mimi, ni hii: mkaidi hung'ang'ania mpango wake mwenyewe. Rebmann aliuachia mpango wake ulipofungwa. Alichong'ang'ania ni kazi iliyobaki mkononi.

Macho yazimika

Kisha kikaja kilicho kigumu kupita vyote. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma na kuandika alianza kupoteza macho. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kushughulikia kukomeshwa kwa biashara ya utumwa, alipopita sehemu za Mombasa, Rebmann alikuwa karibu kipofu. Macho yaliyoiona theluji ya Kilimanjaro, yaliyotiliwa shaka na wasomi, sasa hayakuona kitu.

Mwaka 1875 alirudi Ulaya hatimaye, akiongozwa na kijana wa Rabai aliyeitwa Isaac Nyondo. Alikuja ili awaongoze watu wa Rabai. Alirudi akiongozwa kwa mkono na mmoja wao. Huko Ujerumani alitibiwa macho bila ya kufanikiwa. Alikaa Korntal, alikokuwa akiishi rafiki yake wa zamani Krapf, akaoa tena mjane wa mmisionari aliyemtunza. Tarehe 4 Oktoba 1876 alifariki, akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa huko huko.

Kama tungefunga hesabu siku ile ya mazishi, tungeandika nini? Njia ya Unyamwezi: haikufunguka. Kanisa la Rabai: watu wachache. Mke na mtoto: makaburini. Macho: yamezimika. Mkaguzi wa hesabu angeandika hasara kila mstari.

Baada yake

Lakini hesabu haikufungwa siku ile. Tayari mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alikuwa amepanda Kilimanjaro hadi kwenye mita 4,300 hivi na theluji ikamwangukia, na mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa yeye nishani ya dhahabu. Cooley hakukubali hata hapo. Tarehe 6 Oktoba 1889, miaka 13 baada ya kifo cha Rebmann, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikanyaga kilele chenye barafu. Na leo mojawapo ya barafu za mlima huo, upande wa kusini, huitwa kwa jina la Rebmann. Kitu kile kile walichosema hakipo ndicho kilichopewa jina lake.

Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1876, mwaka aliofariki. Kamusi yake na Salimini ilichapwa mwaka 1877, ikitayarishwa na Krapf. Kamusi ya lugha ya Wamijikenda, kazi yake na Krapf, ilitoka mwaka 1887. Rabai na Freretown zikawa kimbilio la mamia ya watumwa walioachiwa huru na waliotoroka mabwana zao, na waliofika Rabai hawakufika mahali patupu.

Na Machame, pale ambapo mali ya safari yake iliisha mwaka 1849? Mwaka 1893, miaka 44 baadaye, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifungua kituo hapo hapo, na kutoka Uchagga elimu na dini vilisambaa sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi yetu. Rebmann hakuliona hata moja kati ya hayo.

Fundisho kwetu

Watu wetu husema binadamu hupanga na Mungu hupangua. Jirani zetu Waislamu hawataji la kesho bila ya kusema inshallah. Hizi si kauli za kukata tamaa. Zinatukumbusha kwamba mpango ni mali ya mtu na matokeo si mali yake.

Tunakosea tunapodhani kumtumaini Mungu ni kuwa na hakika kwamba tutarudishiwa tulichopoteza. Rebmann hakurudishiwa. Kwa wenzetu waliozika watoto wao Katesh, kuwaambia kwamba kila kitu kitarudi ni kuwaongopea, na Mungu hahitaji uongo wetu ili kumtetea. Tunaweza kuwaambia jambo dogo zaidi na la kweli zaidi: kazi ya leo bado ipo, na yupo anayeitunza hata sisi tusipoiona ikizaa. Na sisi tulio salama tuna wajibu wa kuwa kama Isaac Nyondo, kumshika mkono asiyeona njia, badala ya kusimama kando na kutoa mafundisho.

Ninyi mlio madarasani, matokeo ya mitihani yatakapotoka baadhi yenu mtafurahi na baadhi mtalia. Sitawaambia wanaolia kwamba mtihani si kitu. Mtihani ni kitu. Lakini Rebmann alipofungiwa njia ya Unyamwezi hakukaa chini ya mti kuhesabu shanga alizopoteza. Aliuliza maswali, akachora ramani. Alipokosa watu wa kuwahubiria, alikaa na mtu mmoja, tena mtumwa, akaandika maneno yake. Katika kila mlango uliofungwa kulikuwa na kazi ndogo imelala kizingitini, naye aliinama akaiokota.

Sisi wa Mbulu tunajivunia ndugu yetu John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani wa mwisho, jua limekwisha kutua. Washindi wa siku ile wachache wanawakumbuka. Yeye anajulikana duniani kote. Hata hivyo, Akhwari aliuona mstari wa mwisho mbele yake. Rebmann alikimbia bila ya kuuona, na mwishowe bila ya macho. Tunapokutana katika sherehe zetu na kuulizana nani amefika wapi, tusiwasahau wale ambao bado wako njiani, na tusiwe wepesi wa kufunga hesabu zao kabla Mungu hajazifunga.